Kijidudu Kisicho na Ukuta

Mtu akiingia kwenye duka langu la dawa za mifugo hapa Baraka, kitu cha kwanza anachokiona si dawa. Ni diploma. Nimeitia kwenye kioo na kuipigilia juu ya rafu kwa misumari minne ya bati, ili hata ziwa likipanda mpaka barabarani, nyumba iende na diploma ibaki. Niliipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watano na magoti yanayolia kama mlango. Siku ya kwanza benchi la nyuma lilivunjika chini yangu, na prof, kijana ambaye ningeweza kuwa nilimnyonyesha, akasema, "Mama, kuja mbele, sayansi inaomba uzito." Siku matokeo yalipotangazwa kwenye redio nilipiga vigelegele kutoka nyumbani hadi sokoni, na watu wa Swima, kijiji cha mbali ukingoni mwa ziwa, wananiambia mpaka leo kwamba walinisikia. Labda naongeza. Lakini si sana.

Naanza na diploma kwa sababu ndiyo iliyomfanya rafiki yangu aniamini. Asingeniamini, angetafuta mtu mwingine, na mtu mwingine huenda angejua.

Rafiki yangu huyo ni mfugaji, mtu wa zile familia za milimani zinazosema Kinyarwanda. Alishuka na ng'ombe waliobaki baada ya vita kuwamaliza wengine, akajenga boma juu ya Lubondja, kwenye nyasi ambazo wenyeji walimwachia. Kila siku ya soko alikuja Baraka na vidumu vya maziwa nyuma ya pikipiki, akayauza, kisha akapita kwangu kuchukua chumvi na dawa ya kupe. Watu wa kwetu ni watu wa samaki, na zaidi ndagala, wale dagaa wa ziwa. Wazee wa kwake samaki hata kumnusa hawakutaka. Basi salamu yetu ilianzia hapo.

"Dada, duka yako iko nanuka ndagala tena," alikuwa akisema akiwa bado mlangoni, na buti zake za mpira na kofia yake iliyochoka. "Sasa hii dawa, ngombe yangu itaikubali namna gani?"

"Itaikubali. Imezoea harufu ya mwenyewe."

"Mwenyewe ananuka siagi. Siagi ni manukato."

"Manukato ya nani, kaka? Ya nzi?"

Alicheka kwa mwili mzima, akashika mlango asianguke. Halafu angekaa juu ya gunia la chumvi na kunisimulia ng'ombe wa baba yake, walivyofunika kilima mpaka nyasi hazikuonekana. Yeye pia alijua kuongeza. Ndiyo maana tulipatana. Lakini wa kwake mwenyewe hakuwahi kuwahesabu mbele yangu. Kwao kumhesabu ng'ombe kwa sauti ni kumwitia mabaya. Niliwahesabu mimi kimoyomoyo siku ya kwanza nilipopanda kule: walikuwa tisa. Na kwa hao tisa alitaka jambo moja tu, wazae mpaka wawe kundi tena.

"Mi sitaki kufa nikiwa nanunua maziwa," aliniambia. Alilisema bila kucheka, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa kama kuvua nguo.

Ilikuwa majira ya mvua alipokuja bila maziwa. Alisema wawili wanakohoa. Nikamwambia, kohoa nikuone. Basi pale pale dukani, mbele ya wateja, alinyoosha shingo, akapanua viwiko, akapinda mgongo, akatoa kikohozi kikavu kilichokatika katikati kama kina aibu. Tulicheka sote. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kuku akasema huyu kaka auzwe pamoja na ng'ombe wake. Sasa najua kwamba nilikuwa nimeonyeshwa ugonjwa wote, tangu shingo hadi viwiko, kwa uaminifu ambao hata kitabu hakina. Nikacheka, nikafuta machozi, nikageuka kwenye rafu, nikachukua penisilini.

Kwa nini penisilini? Kwa sababu ndiyo inayojulikana. Kuku, mbuzi, mtoto, baba mkwe, kila anayekohoa katika Fizi nzima amewahi kuchomwa penisilini. Na kwa sababu aliinua macho akatazama kioo kile juu ya rafu, akasema, "Wewe ulisoma, dada. Wewe njo unajua."

Nikapanda naye. Ile barabara ya Lubondja wakati wa mvua si barabara, ni supu. Pikipiki ilitubeba nusu ya njia, sisi tukaibeba nusu iliyobaki. Tulifika boma likiwa linafuka. Kwao kuna moto wa katikati ya boma, moto wa kinyesi kikavu na majani mabichi, wa moshi tu, na ng'ombe wakirudi malishoni huja wenyewe kuusimamia, vichwa ndani ya moshi, nzi wakiwaacha. Moto huo hauzimwi. Unazimwa siku boma halina ng'ombe tena. Wale wawili wenye kikohozi alikuwa amewavuta katikati kabisa, pua juu ya moshi, na wenzao saba wamewazunguka, pumzi kwa pumzi, kama watu wanaoteta.

"Moshi inafungua kifua," aliniambia.

"Muzuri sana," nikasema. "Waache hapo hapo. Waweke karibu zaidi."

Nilisema hivyo. Mimi, mwenye misumari minne.

Niliwachoma sindano. Siku ya tatu mmoja wa wale wawili alikufa, na wengine wawili wakaanza kunyoosha shingo. Nikaongeza dozi. Wa pili akafa. Nikapanda tena na chupa mpya, kwa sababu nilijiambia ile ya kwanza ilikaa juani. Alinishikia ng'ombe mmoja mmoja, akiwasemesha kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayemwomba mtoto msamaha kabla ya kumpiga. Wa tatu alipoanguka, rafiki yangu alikuja mpaka Baraka kwa miguu, akasimama mlangoni bila kusema neno juu ya ndagala.

"Dada," akasema, "labda sindano iko ndogo."

Nikamtafutia sindano kubwa zaidi. Kweli nilifanya hivyo. Nilizunguka soko zima nikitafuta sindano nene, nikaipata, nikapanda nayo mlimani kama mtu aliyebeba dawa ya dunia.

Walikuwa wamekufa watano siku nilipochana kaye yangu, daftari la masomo ya jioni. Hapa kwetu daftari la zamani halitupwi, linafungia vitu: mandazi, chumvi, vidonge. Nilikuwa nafunga dawa ya minyoo ya mbuzi wa mama mmoja. Nikachana ukurasa, nikachana wa pili, na huo wa pili ulikuwa na mchoro wa wino mwekundu. Mikono yangu ikauweka chini kabla kichwa hakijaelewa.

Lile somo nalikumbuka sana, kwa sababu lilikuwa la kuchekesha. Prof hakuwa na darubini. Alikuwa na vipande viwili vya chaki, na chekundu kilikuwa kifupi kuliko jino la mtoto. Alichora nyumba ya matofali kwenye tablo.

"Bakteria wengi wako hivi," akasema. "Nje kuna ukuta. Penisilini inawanyima wajenzi sementi. Ukuta unashindwa, bakteria anapasuka."

Kisha akachora kitu laini, kama tone la ugali.

"Lakini wako wengine hawana ukuta hata kidogo. Wana ngozi nyembamba basi. Sasa wanasimama na nini? Nani amefika Lusenda?"

Sote tumefika Lusenda.

"Yale mahema ya wakimbizi yana matofali?"

"Hapana, prof!"

"Yanasimamishwa na nini?"

"Na fito za ndani!" Mimi ndiye niliyepaza sauti, majirani wa shule walidhani kuna moto.

Akafurahi. Kwa kile kipande chekundu akachora ndani ya lile tone nyuzi, kutoka ncha hadi ncha, zenye milia ya kukatiza kama ngazi ndogo. Akasema hizo ni nyuzi za protini. Si wote wanazo, akasema, na wanaozichunguza bado wanabishana juu ya kazi yake, lakini kwa walio nazo, zile nyuzi humnyoosha kijidudu laini akawa na umbo, na wengine huzitumia hata kusogea. Mimi nilizipenda. Kitu kidogo namna ile, hakina nyumba, hakina mlango, na bado kina mgongo! Nilizichora mara tatu kwa kalamu nyekundu, nikaziwekea vivuli.

"Sasa," prof akauliza, "ukimnyima sementi mtu wa hema, umemnyima nini?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Swali hilo lilitoka kwenye mtihani wa shule, nikapata alama zote, nikaonyesha karatasi hadi kwa muuza mkaa. Na sasa nilikuwa nimeishika ile kaye, na mama wa minyoo ananiuliza kama naumwa. Chini kabisa ya mchoro kulikuwa na mstari mmoja wa mwandiko wangu, umelala ubavu, mwandiko wa mtu aliyekwisha kuchukua mkoba wake na anafikiria mboga ya sombe iliyobaki jikoni. Ulisema: *Mmoja wao anakaa kwenye mapafu ya ng'ombe. Penisilini haimpati.*

Nilikuwa nimeandika. Sikuwa nimesikia.

Nilimkuta prof nyumbani kwake akisahihisha kazi za wanafunzi. Nikamkoholea kama rafiki yangu alivyonikoholea, na shingo na viwiko. Yeye hakucheka.

"Mama, wamesimama pamoja?"

"Wanazunguka moto."

"Watenganishe leo. Kila pumzi inampelekea mwenzake. Na uache ile penisilini."

"Nichome nini?"

Akanitajia dawa nyingine, oksitetrasiklini, ambayo haina habari na ukuta. Inaingia mpaka kwenye kiwanda cha kijidudu ndani na kukisimamisha. Nikaanza kulia. Sikulia kwa sababu ya ng'ombe, Mungu anisamehe. Dawa hiyo ilikuwa dukani kwangu. Ilikuwa imekaa bega kwa bega na penisilini, kwenye rafu ile ile, chini ya diploma.

"Wengine watapona," prof akasema. "Lakini sikiliza, mama. Atakayepona, usimwamini. Mwili unafunga kile kipande kibovu cha pafu ndani ya ganda, na vijidudu vinakaa humo wazima. Anakula, ananenepa, halafu siku moja ganda linapasuka anaanza kuambukiza upya. Kuna chanjo, lakini huku kwetu bado haijapanda mlima."

Nilipanda mimi. Rafiki yangu alisikiliza maneno yangu yote kuhusu dawa mpya. Nilimwambia ni kali zaidi. Sikumwambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa sawa na maji. Nilipomwambia azime moto, alinitazama kama nimemwambia afukie mtu ambaye bado anapumua.

"Wako hai bado, dada."

"Najua, kaka. Uzime."

Aliuzima mwenyewe, kwa buti zake, akizunguka taratibu, mpaka moshi wa mwisho ukaisha. Ng'ombe wanne waliobaki walisogea pale pale, wakasimama juu ya majivu, wakasubiri.

Watatu walikufa hata hivyo. Tulikuwa tumechelewa. Akapona mmoja, mtamba mwekundu ambaye hakuwa amezaa bado, mwenye doa jeupe kwenye paji. Alianza kula, manyoya yakarudi kung'aa. Na miezi michache baadaye, siku ya soko, watu wote wakiwa barabarani, nikamwona rafiki yangu anashuka naye kwa miguu, kamba mkononi, mpaka mlangoni kwangu.

"Ulipigana," akasema. "Ulipanda ile mlima kama mwanaume. Huyu ni wako."

Msomaji asiyewajua hao watu atafikiri ni zawadi. Ni zaidi. Kwao ukimpa mtu ng'ombe, umemfunga kwako. Kumkataa ng'ombe ni kusema mbele ya watu kwamba sisi wawili si kitu, mmoja kwa mwenzake. Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo aliloinama kunieleza sikioni, huku anampapasa mtamba shingo.

"Akizaa jike ya kwanza, utanirudishia ile ndama. Njo desturi. Ng'ombe moja peke yake kule juu atakufa na huzuni. Huku atapata dume. Na mi siku hiyo nitawasha moto tena."

Kumwambia huyu si mzima kulikuwa ni kumwambia nilijuaje, na tangu lini. Watu walikuwa wanapiga makofi. Nikashika kamba.

Nilimfunga nyuma ya nyumba, peke yake. Shemeji yangu wa Swima, mwenye ng'ombe wanne na dume, alinitumia watu mara mbili: mlete, anangoja nini? Nilisema kwato zinamuuma. Nilisema nimeota ndoto mbaya. Asubuhi moja mbwa alimtisha, akakimbia hatua chache, akasimama. Akanyoosha shingo. Akakohoa mara moja tu, kikohozi kikavu, kilichokatika katikati.

Nikafikiria wale wanne wa Swima, na wa jirani yao, na wa jirani wa jirani, ukingo wote wa ziwa. Nikamwita mchinjaji.

Sikuangalia mpaka alipofungua kifua. Kwenye pafu la kushoto kulikuwa na uvimbe kama yai la bata. Mchinjaji alilipasua ganda kwa ncha ya kisu, na ndani nyama ilikuwa imekufa lakini haijaoza, imehifadhiwa vizuri kama kitu cha thamani. Sikuhitaji darubini ya mtu. Niliwaona. Humo ndani walikuwa wamesimama, hema kwa hema, hawana ukuta hata mmoja, kila mmoja na nyuzi zake. Niliyachoma moto mapafu mpaka yakawa masizi. Nyama mchinjaji akachukua, na alichonipa hakikutosha hata kununua mwanambuzi aliyekonda. Na hata kama kingetosha kununua ndama wa kumrudishia, rafiki yangu anazijua pembe za ukoo wa ng'ombe wake kama ninavyozijua pua za wanangu. Ndama wa kuazima angemkataa kabla hajafika mlangoni.

Akaja siku ya soko. Hana maziwa tena, anakuja tu.

"Dada, mutoto wetu yuko namna gani?"

"Usiulize! Nilimpeleka Swima kwa shemeji, amenenepa mpaka mlango wa boma umepanuliwa. Akinywa maji, ziwa linashuka. Wavuvi wanalalamika."

Alicheka, akashika mlango asianguke. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua zile. Basi nikaendelea, soko baada ya soko. Dume la shemeji likawa linamwogopa. Likamzoea. Mtamba akapata mimba, kwa sababu aliuliza kwa macho ambayo sikuweza kuyanyima kitu. Na yeye, mtu asiyehesabu ng'ombe, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole mbele yangu. Alirudishia uzio wa boma. Akaweka kinyesi kikavu chini ya bati, tayari kwa moto.

Mwezi wa nane wa ile mimba alikuja amevaa shati safi.

"Leo twende Swima nimuone. Pikipiki iko nangoja."

Nilitazama pikipiki. Injini ilikuwa inanguruma, dereva anatafuna muwa. Nikamwambia kaka, kaa. Akakaa juu ya gunia la chumvi. Nikamwambia yote, kutoka mwisho kurudi mwanzo: mchinjaji, yai la bata, dawa iliyokuwa kwenye rafu, moshi nilioupongeza, kaye. Nilileta hata ule ukurasa, nikamwonyesha nyuzi nyekundu na vivuli vyake, kana kwamba uzuri wa mchoro ungenisaidia.

Aliushika muda mrefu. Hajui kusoma Kiswahili vizuri, lakini aliufuata ule mstari wa chini kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Hii walikufundisha?"

"Walinifundisha."

"Waliuliza kwa mutihani?"

"Waliuliza."

"Ulipata ngapi?"

Ningetoa duka lote ili nimdanganye hapo. "Zote," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaukunja ukurasa kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akauweka juu ya meza. Akasimama, akamwambia dereva aende, safari hakuna. Hakunitukana. Ningempa hata fimbo anipige.

Upande wa pili wa barabara kuna kibanda cha vitu vidogovidogo. Nilimwona anavuka, anavua kofia mbele ya yule mama muuzaji, anaonyesha kwa kidole vile vipakiti vya maziwa ya unga vinavyoning'inia kwenye kamba. Mama akachana kimoja, akauliza kitu. Naye akajibu, na ingawa magari yalikuwa yanapita, nilimsikia vizuri.

"Moja tu, mama. Niko peke yangu."